Ufunguo wa Itumba

Restuta Ngusa alipenya katikati ya malori mawili, bega likikwaruza bodi ya tela, akatokea upande wa pili akiwa bado anakimbia.

"We dada, unakimbilia foleni?" dereva mmoja alimtania kutoka dirishani. "Mimi niko hapa tangu Jumanne."

Hatua hamsini mbele, mwanamume mwenye mkoba wa kijani alikuwa anaukaribia mpaka wa Nakonde.

Alijiita Balthazar.

"Kituo, nimemwona," Restuta alisema kwenye redio ya Motorola iliyofichwa chini ya kitenge. "Naomba ruhusa nivuke."

"Hakuna ruhusa." Ilikuwa sauti ya mkuu wake wa polisi, Lusubilo, kutoka Mbeya. "Upande ule si nchi yetu."

"Mkuu, ni hatua hamsini."

"Hata zingekuwa tano."

Mkono wa Restuta ulikuwa kwenye bastola yake, Browning. Ukabaki hapo, bila kazi.

Balthazar akavuka. Akageuka, akapunga mkono kama anayemuaga ndugu stendi.

Ndani ya mkoba mlikuwa na diski moja ya kompyuta. Mahojiano mia mbili na kumi na manne: wakulima wa Ihanda, wafugaji wa Momba, wachuuzi wa mpakani. Kwa miaka mitatu watafiti wa Tunduma, Vwawa, Itumba na Nakonde walikaa meza moja kubuni ghala la sauti na video ambalo lisingekuwa la mtu mmoja. Waligombana hadi juu ya majina ya mafaili. Mwishowe wakakubaliana: kila kituo kitunze nakala ya vyote, na nakala zote zifunguliwe kwa ufunguo mmoja, utakaotolewa kwa mtandao na kompyuta ya Itumba, ile ya Nakonde ikiwa msaidizi wake.

Balthazar alikuwa mezani pale. Alikuja kama mfadhili, kumbe ni mtu wa wanunuzi wa pembe za ndovu. Na watu thelathini na mmoja kwenye mahojiano yale walikuwa wamesimulia pembe hizo zinapita wapi, na nani anazibeba.

Majina yao yalifutwa kwenye orodha. Kwenye sauti yalibaki. Diana, aliyewahoji, hakuweza kuzungumza na mtu asiyemjua. Kila mmoja alijitaja kwanza, akasema ni mtoto wa nani, wa kijiji gani. Hakuna aliyeona kosa. Ndivyo watu wanavyoongea.

Restuta akapiga simu Itumba, kwa Gwamaka aliyesimamia kompyuta ya ufunguo.

"Gwamaka, Balthazar amevuka na diski. Ana nywila?"

"Anayo ya Nakonde, dada. Aliiba."

"Mnyime ufunguo."

"Kumtoa mtu lazima vituo vingine vitatu visaini. Tulikubaliana hivyo, tusifungiane nje. Na Vwawa hawana umeme."

"Chomoa waya."

"Nikichomoa, mashine ya Nakonde inashika zamu. Tuliitengeneza isikatike."

"Kimebaki nini?"

"Kuufuta ufunguo wenyewe. Hilo halihitaji saini. Diana alilisimamia, ili watu wakiwa hatarini tufute palepale. Ukifutwa hapa, umefutwa kote."

"Na nakala?"

"Hazitafunguka tena. Zote nne."

Restuta alijua anachoomba. Diana alikuwa mke wa Gwamaka. Walimzika Machi. Sauti yake ilikuwa ndani ya kila mahojiano, na haikuwepo mahali pengine popote.

"Nitoe rekodi yake moja kwanza," Gwamaka alisema. "Moja tu. Dakika sita."

Restuta akainua darubini. Ng'ambo, nyuma ya kioo cha intaneti kafe, Balthazar alikuwa anachomeka diski.

"Ameshakaa, kaka."

"Dakika sita, dada."

"Hatunazo."

Bastola haikufika kule, amri haikufika kule. Alisimama juani akimsikiliza Gwamaka anavyopumua.

Kitufe kikabonyezwa.

"Tayari," Gwamaka alisema.

Kwenye darubini Balthazar aliandika, akaandika tena, akapiga meza kwa kiganja.

"Ripoti," Lusubilo alisema.

"Diski haifunguki. Mashahidi wako salama."

"Kazi nzuri."

Restuta akazima redio. Simu ilikuwa bado hewani.

"Dada, wewe uliwahi kuyasikiliza?"

"Mawili. Wakati wa upelelezi."

"Alikuwaje?"

"Alicheka kwanza. Kabla hajauliza swali, alicheka."

"Ndiyo," Gwamaka alisema. "Alikuwa hivyo."

Restuta akakaza kitenge, akaanza kutembea kati ya malori kurudi mjini, bila haraka, simu sikioni. Hakuna aliyekata.