Vizuia Tope vya Tusekile

Haya, kaeni vizuri. Anayechezea kiatu aache kiatu. Hadithi imeshafika mlangoni.

Huko Kyela, kwenye mpunga mwingi, mvua haipigi hodi. Inaingia tu.

Huko aliishi Tusekile. Alikuwa na miaka saba kasoro kidogo, na mdomo wake haukujua kunyamaza.

Mama yake Tusekile alikuwa dereva wa trekta dogo jekundu. Trekta lenyewe waliliita Kiguu. Leo shamba hili, kesho shamba lile, kiguu na njia!

Nyuma ya Kiguu kulikuwa na tela. Tusekile alipenda sana kupanda tela. Ila kulikuwa na neno moja. Magurudumu ya Kiguu yalikuwa makubwa, na yalikuwa na tabia mbaya.

*Trr-trr-trr!*
*Gurudumu linazunguka, tope linaruka.*
*Pwaa!*

Tope kwenye pua. Tope kwenye sikio. Siku moja tope lilimwingia Tusekile mdomoni, katikati ya maneno. Siku hiyo alinyamaza, lakini si kwa muda mrefu.

Kwa kawaida walicheka tu, wakaenda kuoga. Lakini wiki hii haikuwa ya kucheka.

Jumamosi Shangazi Bupe alikuwa anaolewa. Shangazi Bupe ni dada yake Baba, na ni fundi cherehani. Gauni lake la harusi alilishona mwenyewe, miezi mitatu mizima. Lilikuwa jeupe pe.

Na kanisa lilikuwa wapi? Ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Magari yalinasa njiani. Pikipiki ziliteleza. Aliyeweza kupita ni Kiguu peke yake, na tela lake.

Jirani mmoja alisema si neno, gauni litiwe kwenye mfuko, bibi harusi akavalie kanisani. Shangazi Bupe akatikisa kichwa.

"Nitatoka kwetu nimevaa," akasema. "Gauni lililo mfukoni halipigiwi vigelegele."

Akaingia chumbani. Tusekile akamsikia analia polepole. Moyo ukamuuma, maana shangazi yake alimpenda mno.

Basi Tusekile akafikiri. Akafikiri mpaka akasahau kuongea.

Akakumbuka malori ya barabara ya lami. Nyuma ya magurudumu ya malori huning'inia vipande vya mpira. Tope likiruka, linagonga mpira, linaanguka chini. Hivyo ndivyo vizuia tope. Kiguu, maskini, hakuwa navyo.

Akamkimbilia Mama, akamwambia Kiguu anahitaji vizuia tope. Mama akasema dukani vipo vya malori tu. Vya trekta dogo havipo.

"Ndiyo maana tutatengeneza wenyewe," akasema Tusekile.

Mama akamtazama. Akaona mtoto hatanii. Akaenda kutafuta kamba.

Jumatano walianza na magunia. Gunia moja nyuma ya gurudumu la kulia, gunia moja nyuma ya gurudumu la kushoto. Tusekile akapanda telani kujaribu.

*Trr-trr-trr!*
*Gurudumu linazunguka, tope linaruka.*
*Pwaa!*

Lo! Magunia yalikunywa maji, yakawa mazito, yakadondoka njiani. Tusekile alirudi nyumbani yanaonekana macho tu.

Alhamisi walikwenda kwa Babu Ambakisye, jirani yao. Babu Ambakisye anatengeneza katambuga, vile viatu vya tairi kuukuu. Ukivaa katambuga zake leo, mjukuu wako atazivaa baadaye.

Tusekile akaamkia, akaeleza shida yote bila kuvuta pumzi. Babu akaingia ndani, akatoka na tairi kuukuu la lori.

Tusekile akachora kwa chaki. Babu akachovya kisu kwenye maji ya sabuni, akakata. Mpira hauna haraka, unakatwa kidogo, unaloweshwa kidogo. Kazi ya kulowesha ilikuwa ya Tusekile.

*Swii, swii. Kata kidogo.*
*Swii, swii. Lowesha kidogo.*

Babu akauliza kama vipande si virefu mno. Tusekile akasema hapana, viwe virefu, vifike chini kabisa, tope likose pa kupita. Babu akakuna kidevu, akakata kama alivyoambiwa.

Ijumaa Mama akatoboa matundu. Wakavifunga vipande kwenye bati linalofunika magurudumu. Tusekile akakaza nati mwenyewe, *kri, kri, kri*.

Kiguu akaenda mbele. Tope likaruka, likagonga mpira, likaanguka. Tusekile akaruka juu kwa furaha.

Kisha Mama akamrudisha Kiguu nyuma.

Gurudumu likakanyaga mpira wa kulia. *Nyakuu!* Ukang'oka. Likakanyaga mpira wa kushoto. *Nyakuu!* Nao ukang'oka.

Tusekile akakaa palepale kwenye matope, akalia. Harusi ni kesho. Na aliyetaka vipande virefu ni yeye, si mtu mwingine.

Babu Ambakisye, aliyekuja kuona kazi yake, akachuchumaa karibu naye.

"Katambuga zangu za kwanza," akasema, "zote zilikuwa za mguu wa kushoto."

Tusekile akacheka, makamasi yakamtoka. Akauliza Babu alifanyaje basi.

"Nilizitazama," akasema Babu, "mpaka nikaona nilipokosea."

Tusekile akafuta pua kwa mkono. Akaviokota vile vipande viwili. Akavitazama. Akavitazama tena.

Haya, nanyi tazameni. Mnaona nini?

Upande wa chini wa mpira kulikuwa na alama. Ilikuwa mistari ya gurudumu, imejichapa kwa tope. Juu ya ile mistari kulikuwa na madoa ya tope tu.

Tusekile akaweka kidole pale alama ilipoishia.

"Gurudumu limefika hapa," akasema. "Juu ya hapa halifiki. Tukate hapa."

Babu akamtazama Mama. Mama akamtazama Babu. Babu akachukua kisu.

*Swii, swii. Kata kidogo.*
*Swii, swii. Lowesha kidogo.*

Wakatoboa matundu mapya. Wakafunga. *Kri, kri, kri.* Tusekile akasimama mbali, ukutani, kama Mama alivyomwamuru. Kiguu akaenda mbele. Kiguu akarudi nyuma.

Mpira ukabaki mahali pake, unaning'inia bila wasiwasi. Mama akarudi nyuma mara ya pili. Mara ya tatu akarudi kwa raha zake tu.

Jumamosi ikafika. Mvua nayo ikafika, haikualikwa. Ilinyesha asubuhi yote, ikaacha madimbwi kila mahali.

Shangazi Bupe akatoka mlangoni. Gauni jeupe pe! Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Wakamketisha kwenye kiti, ndani ya tela. Shangazi akalitazama gurudumu. Akalitazama gauni. Kisha akamtazama Tusekile.

"Una uhakika, mwanangu?" akauliza.

Tusekile akapanda telani, akakaa miguuni kwa shangazi yake, na yeye amevaa gauni lake jipya la njano. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

*Trr-trr-trr!*
*Gurudumu linazunguka, tope linaruka.*
*Pa! Tope chini.*

Wakapita dimbwi dogo. *Pa! Tope chini.* Wakapita dimbwi kubwa. *Pa! Tope chini.* Kila nyumba watu walitoka nje, na kila nyumba vigelegele vilipigwa.

Katikati ya mashamba wakakutana na ng'ombe. Njia ilikuwa nyembamba, na ng'ombe wa Kyela hawana habari na harusi ya mtu. Ikabidi Kiguu arudi nyuma.

Tusekile akaushika mkono wa shangazi yake. Mama akarudi nyuma, taratibu, taratibu. Gurudumu likazunguka. Mpira haukukanyagwa.

Ng'ombe wakapita, mmoja mmoja, wakitafuna. Kiguu akaendelea na safari.

Wakafika kanisani. Shangazi Bupe akasimama ndani ya tela, akajigeuza polepole. Mbele, safi. Nyuma, safi. Hata pindo la chini, safi.

Watu wakashangaa. Mzee wa kanisa akainama, akavigusa vile vipande vya mpira. Akauliza ni fundi gani wa mjini aliyevitengeneza.

Shangazi Bupe akageuka. Mama akageuka. Babu Ambakisye, katambuga zake zimesuguliwa zinang'aa, naye akageuka. Wote walimgeukia mtu mmoja.

Tusekile, ambaye mdomo wake haukujua kunyamaza, alikuwa na neno moja tu.

"Mimi."

Vigelegele vilivyopigwa hapo havikuwa vya bibi harusi. Vilikuwa vyake. Tusekile akasimama wima, kifua mbele, akavisikiliza mpaka cha mwisho.

Wakacheza, wakala pilau, wakacheza tena. Jua lilipozama, Mama alimbeba Tusekile mgongoni hadi kitandani.

Akamfunika shuka. Akamwambia kwamba wenye matrekta wawili wameulizia. Nao wanataka vizuia tope, tena wanamtaka fundi yuleyule.

Tusekile alikuwa ameshafumba macho.

"Waambie waje Jumatatu," akasema. "Kesho fundi anapumzika."

Akalala fofofo. Na ninyi je, mafundi wangu? Fumbeni macho.