Kipande cha Mwamba Kilichohama

Siafu, kama baba alivyomwita bintiye kwa kutotulia kwake, alifua ovaroli ya baba, akapika uji, ndipo akaenda shule. Tangu mama yake afariki, siku zote zilikuwa hivyo. Uchovu ulishamzoea.

Jioni alimpelekea baba chakula kwenye ghala la mgodi. Humo baba alipanga kwenye kreti vipande vya mwamba vilivyochimbwa kwa mashine, vya mviringo kama mchi, kwa mfuatano wa kina.

"Baba, chuma kiliingiaje huko chini?"

"Kuna maji ya moto, yana chumvi kali. Yanapita miambani yakikichota kidogo kidogo, yanapanda kwenye nyufa. Yakipoa, yanakiacha, kama maji yanavyoacha ukoko ndani ya birika. Kazi ya miaka na miaka."

"Kumbe maji ni mchukuzi!"

"Tena asiyeshukuriwa, kama mimi."

Baba alipogeuka kunawa, Siafu alitia mfukoni kipande kimoja, nusu kijivu, nusu cheusi. Mwalimu alikuwa ametaka kila mwanafunzi alete jiwe la kueleza.

Kesho yake darasa zima lilimpigia makofi. Lakini jioni alimkuta baba ameketi kitandani, viatu bado miguuni.

"Kipande kimepotea. Ndicho kinachoonyesha chuma kinaanzia wapi. Msimamizi ananiita mwizi, kesho ananifukuza. Mlango wa ghala haufungiki, nimewaambia mpaka nimechoka. Hilo haliulizwi."

Siafu alilia, akakitoa kipande mfukoni, akasema yote. Baba hakumgombeza, hata nguvu ya kugomba hakuwa nayo.

Asubuhi waliongozana hadi ghalani.

"Umeleta wakili?" msimamizi alikejeli.

"Shikamoo, bwana. Nilichukua mimi. Baba hakujua. Nisamehe."

Akakiweka kipande mahali pake. Ncha zilizovunjika zikashikana na za jirani zake, jino kwa jino. Msimamizi aliinama, akatazama.

"Haya, rudi kazini," akamwambia baba, akaenda zake.

"Hata samahani hakusema!" Siafu alinong'ona.

"Wakubwa hao! Samahani kwao ni dawa chungu, wanatuachia sisi tuinywe." Baba alivuta kreti nyingine taratibu. "Lakini sikia, mama. Ukichukua kisicho chako, mzigo humwangukia mwingine. Wao hukosea wakanyamaza. Wewe umekosea ukasema. Fuata njia hiyo, hata ukiifuata peke yako."