Tarakimu Sita

Kila Jumamosi mimi huwa mkono wa simu wa mama. Mama ni fundi cherehani, na fundi aliyekaa kwenye cherehani hana mkono wa ziada: mmoja unasukuma kitambaa, wa pili unakivuta, na miguu yote iko kwenye kanyagio. Simu ikilia naipokea mimi, namwekea sikioni, anaongea, naiondoa. Ujumbe ukiingia nausoma kwa sauti. Malipo yakiingia namtajia jina na kiasi, naye anaitikia kwa kichwa kwa sababu mdomoni ameshikilia pini. Mtaani wananiita Umeme kwa ajili ya kasi ya vidole vyangu. Sitawaficha, nililipenda jina hilo.

Jumamosi ile niliamka nimenuna. Mama alikuwa amenipunguzia muda wa mchezo wa simu kutoka saa moja hadi nusu saa, eti kwa sababu ya alama zangu za hisabati. Hilo peke yake lingetosha kuniharibia siku. Lakini lilikuwepo jingine lililonichoma zaidi. Ijumaa, msichana anayekaa nyuma yangu darasani aliutazama mchezo wangu wakati wa mapumziko, akamwona shujaa wangu amevaa kaptura ile ya bure wanayopewa wachezaji wapya, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Jamani, njooni muone. Mtoto wa fundi cherehani, shujaa wake hana nguo."

Darasa zima lilicheka. Hata mimi nilicheka, cheko lile la kujilazimisha, huku masikio yakiwaka moto.

Nguo za shujaa hununuliwa kwa almasi, na almasi hununuliwa kwa pesa za kweli. Nilimwomba mama. Akaniuliza, "Ninunue nguo ya mtu ambaye hayupo, na wewe soksi zako zina matundu?" Nikaondoka nikiburuza miguu ili asikie.

Kwa hiyo saa tatu asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye kiroba cha vipande vya vitambaa nyuma ya cherehani, nilifungua mchezo. Mwenzangu wa vita alikuwa hewani. Alijiita Jemedari, nami humo nilijiita Umeme vile vile. Sikumjua sura wala sauti, ila tulikuwa tumecheza pamoja wiki mbili, na alikuwa ameniokoa mara nyingi. Akaniandikia, "Umeme, nimepata almasi mia tano za kugawa bure. Nipe namba ya simu unayotumia. Zitakuja tarakimu sita, nirushie haraka kabla muda haujaisha."

Nikampa namba ya mama. Haukupita muda, ujumbe ukaingia. Ulikuwa na tarakimu sita, na chini yake maneno haya: Usimpe mtu yeyote namba hii.

Ningependa kuwaambia sikuyaona. Niliyaona, nikayasoma mpaka kwenye nukta. Kisha nikamtumia Jemedari zile tarakimu, moja baada ya nyingine.

Almasi hazikuja. Nikaandika, "Vipi?" Jemedari hakujibu. Nilipotazama tena, jina lake halikuwepo. Nikafungua programu ya ujumbe, ile yenye kikundi cha wateja wa mama, watu karibu themanini. Ikanijibu kwamba namba hii imesajiliwa kwenye simu nyingine.

Nikaifunga ile programu kama mtu anayefunga mlango wa chumba kinachoungua.

Saa nne simu ililia. Alikuwa dereva mstaafu, mteja wa mama wa miaka mingi. Nikamwekea mama sikioni.

"Fundi, pole sana. Umelazwa hospitali gani?"

Mama akatoa pini mdomoni. "Nimelazwa? Niko kwenye cherehani, mzee wangu. Nina sare arobaini za shule za kumaliza kabla ya Jumatatu. Nani kakuambia nimelazwa?"

"Nimeona kwenye kikundi. Labda nimechanganya. Macho haya, fundi."

Mama akacheka, akanigeukia. "Umeme, hebu angalia kwenye kikundi kuna nini."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Tulikuwa wawili tu chumbani, na mama alikuwa bado anacheka. Nikasema, "Hakuna kitu, mama. Mtandao unasumbua."

Akarudi kwenye sare zake. Mimi nikabaki na simu mkononi, na kila ilipotulia nilijiambia mambo yamekwisha.

Saa nane mchana mlango ulisukumwa. Aliingia muuguzi wa zahanati akiwa bado na sare yake nyeupe ya kazini. Nyuma yake alikuja bibi muuza mkaa, kanga imemlegea begani, akihema. Muuza nyama wa duka la jirani alipowaona wanapita kwa hasira alikuwa amewafuata, na aproni yake kiunoni, maana hakuna kelele ya mtaa huu inayomkosa.

Muuguzi alimwangalia mama kuanzia kichwani hadi kwenye kanyagio. "Kumbe ndiyo wodi yenyewe hii."

"Karibu, dada," mama alisema. "Wodi gani?"

"Usiniite dada. Leo asubuhi umeandika kwenye kikundi umeanguka, umelazwa, unaomba tukutumie pesa kwa namba ya daktari na tusikupigie kwa sababu chaji inakwisha. Mimi nimetoka kwa mgonjwa, nimesimama koridoni, nimekutumia. Halafu nauliza wenzangu wa hospitali kubwa, wananiambia hakuna mtu wa jina lako. Nakuja hapa nakukuta unashona."

"Sijaandika kitu."

"Namba ni yako. Picha ni yako. Nani mwingine?"

Muuza nyama akatikisa kichwa. "Simu hizi zimetuharibu. Mimi nilisema zamani. Siku hizi hata cherehani inashona uongo."

"Nipe kitambaa changu," muuguzi alisema. "Sishonewi na tapeli."

Mama aliinuka. Alikwenda kwenye rafu, akakichukua kile kitambaa cha bluu ambacho alikuwa amekikata usiku uliopita, akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama anavyokunja nguo iliyokamilika. Alikuwa anamrudishia kazi mtu aliyemwita tapeli, na hata hivyo hakutaka kimfikie kikiwa na mikunjo.

Sikuweza kuendelea kutazama.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wakanigeukia. Mama akakiweka kitambaa mezani, akazikusanya pini zilizokuwa juu yake, akazichomeka kwenye kimto chake moja moja bila kuniangalia. Alipomaliza akasema, "Sema yote. Ukiruka hata neno moja nitajua."

Nikasema yote. Nguo za shujaa, Jemedari, tarakimu sita, onyo nililolisoma. Nikataja pia simu ya dereva mstaafu, na jibu nililompa mama kuhusu mtandao. Hakuna aliyeniambia pole wala nyamaza.

Muuza nyama akaingilia. "Mimi nilishuku mapema. Fundi huyu haandiki tangu nimjue. Huacha ujumbe wa sauti tu, cherehani inanguruma nyuma yake. Nilipoona maandishi nikasema, huyu siye."

Muuguzi akamgeukia polepole. "Ulijua?"

"Nilishuku."

"Ukanyamaza? Wewe unayetuamsha kila alfajiri na habari za bei ya mafuta, vita vya mbali, na nani kajiuzulu wapi? Hili moja la jirani yako ndilo lililokushinda kusambaza?"

Muuza nyama akafuta mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu. Akasema ana mteja dukani, akatoka.

Bibi muuza mkaa alikuwa amesimama mlangoni. Sasa akanisogelea. "Binti, ulijua saa ngapi kwamba kuna ubaya?"

"Saa tatu, bibi. Saa nne nikawa na hakika."

"Mimi nilituma saa saba," akasema. "Ilikuwa pesa ya kununulia magunia mawili ya mkaa Jumatatu."

Afadhali angenitukana.

Muuguzi alichukua kitambaa chake, mama akafunga chumba, jambo ambalo halijawahi kutokea Jumamosi mchana, tukaenda sote wanne kwa fundi simu wa kona ya pili, anayeitwa Waya kwa sababu ya wembamba wake na kazi yake. Njiani mama alitembea mbele yangu hatua tatu. Kila nilipoongeza mwendo, naye aliongeza.

Waya alisikiliza huku akishika kioo cha kukuzia jichoni. "Mwizi mvivu huyu," akasema. "Hakuweka hata kufuli lake mwenyewe. Laini bado iko kwenu, mama?"

"Iko hapa."

"Basi tunaomba tarakimu mpya, zinakuja kwenu, tunaingia, yeye anatupwa nje. Halafu tunaweka namba ya siri ya pili."

Ujumbe ukaingia, ukiwa na maneno yale yale. Waya akamwonyesha mama onyo lile kwa ncha ya bisibisi. "Wanaandika kila mara. Watu wanalisoma kama wanavyosoma maandishi ya kwenye kiberiti."

"Simu hizi ni balaa," muuguzi alisema.

"Simu haijatoa namba kwa mtu, dada yangu. Mtu ndiye kaitoa. Wewe mwenyewe ungepiga kabla ya kutuma, leo usingekuwa hapa. Piga sasa huduma kwa wateja, uwaambie wazuie."

Muuguzi alimkazia macho, lakini akapiga. Pesa yake ilikuwa bado haijatolewa, wakaizuia, wakasema itarudi baada ya siku tatu. Ya bibi ilikuwa imeshatolewa kwa wakala, dakika tano tu baada ya kutumwa. Wakampa namba ya malalamiko aipeleke polisi. Bibi alimwomba Waya amwandikie kwenye karatasi, kisha akaifunga karatasi ile kwenye ncha ya kanga, pale anapofungia pesa.

Kikundi cha wateja kiliporudi, mama alinipa simu. Nilidhani ananiambia nimwekee mdomoni arekodi kama kawaida. Akasema, "Sema mwenyewe. Walikuwa wananiamini mimi. Waambie aliyewaponza ni nani."

Nilirekodi mara tatu. Mara ya kwanza nilisema "tumeibiwa", mama akaifuta. Mara ya pili nilisema "kulitokea tatizo", akaifuta. Mara ya tatu nikasema, "Mimi ni binti wa fundi. Nilimpa mtu nisiyemjua tarakimu za siri za mama yangu, nikajua nimekosea, nikanyamaza. Ujumbe wa leo si wa mama. Msitume pesa. Kama umetuma, piga sasa hivi huduma kwa wateja." Akaiacha iende.

Watu wawili zaidi walijitokeza. Mmoja aliwahi kuzuia, mwingine hakuwahi. Jioni ile na Jumapili yote nilizunguka na mama nyumba kwa nyumba kwa wale wasiosikiliza ujumbe wa sauti. Kila mlango nilisema mimi, mama akisimama kando. Wengine walitusikitikia. Mmoja alitufungia mlango usoni. Jumapili asubuhi, kabla hatujatoka, muuguzi alikileta tena kitambaa chake cha bluu, akakiweka mezani, akasema, "Nilikosea kukuita vile." Mama akapokea kitambaa, akamwambia, "Ulikosea kweli," kisha akachukua futi akampima upya mabega.

Bibi tulimwendea mwisho. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa mbele ya banda lake, mkaa umebaki chini ya nusu gunia. Mama alimwahidi kumlipa yote kabla ya mwezi kwisha. Mimi nikasema kila Jumamosi baada ya kazi za mama nitakuja kumpimia mkaa, mpaka deni liishe.

"Utakuja," bibi alisema, "na usidhani hasira yangu imekwisha. Bado ipo." Akanitazama sana. "Ila uijue vizuri inatoka wapi. Kudanganywa hata mimi nimedanganywa, mtu mzima na mvi zangu. Sikukasirikii kwa hilo. Nakukasirikia kwa zile saa tatu ulizokaa kimya, tangu saa nne mpaka saa saba. Kosa lako la saa tatu asubuhi lilikuwa la tarakimu sita tu. Kimya chako ndicho kilichokuja kuchukua magunia yangu."

"Umesikia?" mama aliniuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu Jumapili ile.

"Nimesikia."

"Basi ukikosea, njoo na kosa likiwa bado dogo. Nitagomba. Nitagomba sana, nakuahidi. Lakini utanikuta na nafasi ya kufanya kitu."

Bibi alitoa simu yake ndogo kifuani, akaifuta vumbi la mkaa kwa ukingo wa kanga, akanipa. "Kaa chini. Nionyeshe ujumbe wa kweli unavyokuja, na wa uongo unavyokuja. Taratibu. Hiyo kasi yako iache huko huko."

Nikakaa chini kwenye vumbi, nikaanza kueleza. Nilipofika mwisho hakusema ahsante.

"Sijaelewa," akasema. "Anza tena."

Nikaanza tena.