Boroni Upande Huu, Naitrojeni Upande Ule

"Nyigu."

"Nakusikia, Mkuu."

"Mpimaji waliyemkodi tumemnasa hotelini, bado ana povu la dawa ya meno mdomoni. Si wezi wala mnunuzi aliyewahi kumwona sura. Begi lake unalo?"

"Ninalo."

"Basi ingia wewe. Na usifyatue hata risasi moja kabla bastola haijatoka kisogoni kwa mzee."

"Huyo mzee ni mjomba wangu, Mkuu."

"Ndiyo maana nakuonya."

Sauti ikakatika sikioni. Nyigu akavaa barakoa na miwani ya maabara, akapanda ngazi za duka la samani.

Katika kazi yake ya ujasusi alishakamata wezi wa madini, wezi wa dawa, wezi wa siri za nchi. Lakini hawa aliwadharau kuliko wote. Mtu mzima na ndevu zake anaiba kitu asichojua ni nini! Mwizi wa kuku angalau anajua kuku analiwa.

Ghorofani kulijaa sofa mpya ambazo hazijavuliwa nailoni. Kwenye mojawapo alikaa Mjomba, mkemia aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mdomo umevimba. Mikono imefungwa kwa kamba ya katani.

Nyuma yake lilisimama jitu moja, Glock imegusa kisogo cha mzee.

Hapo Nyigu alitamani kuwamaliza wote kwa kucha.

"Pima, dada, tusikeshe hapa," alisema Tajiri, kiongozi wa genge, huku akijipepea kwa katalogi ya makabati. Kando yake alikaa Mnunuzi, mgeni kutoka ng'ambo, suti nyeupe, kiatu kinang'aa, kichwani hamna kitu. Dalali tu.

Mezani kulikuwa na kisahani cheusi, si kikubwa kuliko kiganja.

Hicho ndicho walichokiiba pamoja na mtengenezaji wake, Mjomba. Kimepakwa utando wa kaboni mwembamba ajabu, mgumu karibu na almasi, usiojali joto la injini ya kombora. Mjomba alimfundisha Nyigu mambo hayo tangu shuleni: kaboni ina mikono minne, na kila mkono umemshika jirani. Ukichomeka boroni yenye mikono mitatu, panabaki pengo. Ukichomeka naitrojeni, inaleta elektroni ya ziada isiyo na wa kuishika. Kisahani hiki kina boroni upande mmoja na naitrojeni upande wa pili. Umeme hupita ukiingilia kwenye boroni. Ukiugeuza, haupiti ng'o!

Na kipimo cha umeme kikilia tu, ishara kwamba umeme umepita, mambo yamekwisha. Mnunuzi anachukua kisahani, na Mjomba anapakiwa ndegeni akatengenezee watu wengine makombora. Harudi.

Nyigu akafungua begi, akatoa kipimo cha Fluke. Waya mwekundu, unaotoa umeme, akaugusisha upande wa naitrojeni. Mweusi, upande wa boroni.

Kimya.

"Vipi?" Mnunuzi akauliza.

"Vipi nini, bwana? Masizi ya sufuria haya. Mmeuziwa masizi."

Mjomba akashtuka. Sauti aliitambua, hilo Nyigu aliliona. Kisha macho ya mzee yakashuka mezani, yakatua kwenye ule waya mwekundu.

Mungu wangu, Nyigu akawaza, atanisahihisha.

Maana alimjua. Huyu ndiye aliyeacha harusi ya binti yake katikati ili aende kumpigia simu mtangazaji wa redio aliyekosea kueleza radi. Mzee huyu kosa likimpita masikioni, halali.

"We mzee!" Tajiri akanguruma. "Mbona hakilii?"

Mjomba akafungua mdomo. Akautazama waya. Akayatazama macho yaliyo nyuma ya miwani.

"Hakilii kwa sababu hakijawahi kulia," akasema polepole. "Nimewadanganya watu miaka yote. Sijui lolote. Mimi ni tapeli."

Machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kuigiza.

Mnunuzi akaangua kicheko. "Mmenivusha bahari kuja kununua masizi? Washamba wakubwa nyie!" Akachukua mkoba wake wa pesa, akaelekea mlangoni.

Tajiri hasara angeivumilia. Kuchekwa, hapana.

"Mzuie huyo!"

Jitu likageuza Glock kuelekea mlangoni.

Basi.

Bastola ya Nyigu, Beretta, ilikuwa imelala begini chini ya nyaya; akaichomoa. Risasi moja, bega la kulia. Jitu likapiga yowe la kitoto na kuangukia sofa, bastola ikadondoka.

"Mkuu, sasa!"

Mlango ukaruka. Mnunuzi akainua mikono kabla hajaambiwa. Tajiri akajitupa uvunguni mwa kitanda cha maonyesho, kichwa kikaingia, kitambi kikakataa. Polisi wakamvuta miguu.

"Dada," akalia, uso zuliani, "kweli ni masizi?"

Nyigu akabadilisha nyaya.

Kipimo kikalia.

"Nyaya mbili tu, bwana mkubwa," akasema. "Hata mtoto, redio ikimgomea, hugeuza betri kwanza. Mtoeni hapa, ananitia aibu."

Wakamtoa.

Nyigu akamkata mzee kamba. "Umefanya vizuri sana."

Mjomba akasugua vifundo vya mikono, hakumtazama. "Nimesema mimi ni tapeli. Kwa mdomo wangu."

"Mbele ya wezi tu."

"Mbele yako."

Nyigu akavua miwani. Akavua barakoa. Akapiga goti palepale zuliani, mbele ya polisi wote.

"Shikamoo, mjomba."

Mzee akamwekea mkono kichwani. Polisi wakaacha kupekua, wakatazama.

"Marahaba, mwanangu."

Nyigu akainuka, akakung'uta goti, akashuka ngazi bila kugeuka. Polisi hawakupaswa kuona macho yake.