Nsansa ya Mama Generoza

Kila Jumamosi Kwandu aliamka saa kumi na mbili asubuhi, akafagia mgahawa wa mama yake, akapanga viti, kisha akateka maji ndoo nne. Mgahawa ulikuwa nyuma ya stendi ya Bariadi, na wapo watu waliotoka mbali kuufuata. Humo hamkuwa na chipsi wala pilau. Mama yake, Generoza, alipika vyakula vya Kisukuma kama vilivyopikwa kwao Ngulyati: ugali wa mtama, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, maziwa ya mgando, na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa na kukaushwa juani, halafu yakaungwa kwa karanga.

Mwezi huo kazi iliwaelemea. Dada Salu, msaidizi wao wa jikoni, alikuwa amekwenda Malampaka kujifungua. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Wakulima walijaa mjini, na wote walikuja na njaa. Miguu ya Mama Generoza ilikuwa imevimba. Kwandu naye, aliyekuwa darasa la sita, alikuwa ameanza kusinzia darasani.

"Kwandu," mama alimwita Jumamosi moja akiwa amejishika kiuno, "karanga za gunia jipya usizitwange hivi hivi. Naona zilikaa mahali penye unyevu. Zimwage kwenye ungo uchague moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, tupa."

"Sawa, mama."

Kwandu alikaa kwenye kigoda na kuanza kuchagua. Macho yalimwasha. Alichagua kwa muda mrefu, lakini alipotazama ungo, aliona hajafika hata robo. Shingo ilimuuma. Alitupa macho jikoni. Mama alikuwa amempa mgongo, anasonga ugali. Basi Kwandu akamimina karanga zote kwenye kinu, nzima na mbovu, akatwanga harakaharaka. Zikishakuwa unga, nani angejua?

"Umemaliza?" mama aliuliza. "Mbona upesi hivyo?"

"Nimezichagua zote, mama."

Siku nyingine Mama Generoza angechota unga kwa kidole, akauonja. Siku hiyo hakuwa na nguvu. Aliupokea, akaumimina kwenye sufuria ya nsansa.

Kwandu alikwenda kuketi uani ili apumzike, lakini usingizi uliokuwa ukimsumbua tangu asubuhi sasa ulikataa kuja. Alikumbuka somo la Mwalimu Esteria. Mwalimu aliwaambia kwamba karanga zenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na kwamba hata ukiipika namna gani, haiishi. Kwandu alijiambia kwamba karanga mbovu zilikuwa chache tu. Alijiambia hivyo mara tatu.

Ilipokaribia saa saba mchana, mwanamume mmoja aliingia akiwa amemshika mkono mama yake mzee. Mzee huyo alitembea hatua fupifupi, akasimama kupumua, akatembea tena.

"Mwadila, mayu," mwanamume alimsalimu Mama Generoza kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, baba. Karibuni, kaeni."

"Naitwa Mboje, tumetoka Lagangabilili. Tulikuwa hospitali tangu alfajiri. Mama yangu huyu, Nyanjige, ana siku ya nne leo hali chochote. Uji anakataa, mchuzi anakataa. Tumetoka hospitalini, akaniambia kitu kimoja tu anachotaka: nsansa."

"Nimechoka, mwanangu," Bibi Nyanjige alimwambia Mama Generoza kwa sauti ndogo. "Hata kutafuna kunanichosha. Lakini nsansa nitajaribu."

Mama Generoza alipakua ugali kidogo na bakuli la nsansa, akampa Kwandu apeleke. Kwandu aliweka chakula mezani, akamnawisha bibi mikono. Mikono ile ilikuwa myepesi. Bibi alikata tonge, akalichovya, akaanza kuliinua.

"Bibi, usile!" Kwandu alipiga kelele.

Mgahawa mzima uligeuka. Mama Generoza alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kuna nini?"

"Mama, nimekudanganya," Kwandu alisema huku akilia. "Karanga sikuzichagua. Nilichagua kidogo tu, nyingine nikazitwanga na ukungu wake."

Mama aliweka mwiko chini, akapita meza moja baada ya nyingine akiuliza nani amekula nsansa. Ni mtu mmoja tu, dereva aitwaye Anatoli, aliyekuwa amekwisha kumeza matonge mawili.

"Kaka Anatoli, nisamehe. Nsansa hii ina karanga mbovu. Ukijisikia vibaya, nenda hospitali mara moja, uwaeleze ulichokula."

"Na safari ninayo!" Anatoli alisema kwa hasira. Alinawa, akatoka. Wateja wengine watatu wakamfuata. Mama Generoza aliibeba sufuria hadi nyuma ya uzio, akachimba shimo na kumwaga nsansa yote humo, akafukia ili hata kuku wasiile.

Aliporudi, alipiga goti mbele ya mzee. "Mayu, kupika upya kutachukua zaidi ya saa nzima. Siwezi kukudanganya."

"Nitangoja," Bibi Nyanjige alijibu. "Nitandikieni tu mahali nilale, mwenzenu sina mgongo."

Kwandu alitandika mkeka ndani, kisha akaja kusimama mbele ya mama yake akingoja adhabu. Mama alivuta kigoda, akauweka katikati ungo wenye karanga nyingine za lile gunia.

"Kaa," alisema.

Walichagua karanga wakiwa wawili. Baada ya muda Mboje naye alisogeza kiti, akaanza kuchagua. Karanga nzuri zilikuwa chache kuliko walivyodhani.

Nsansa ilipoiva, bibi aliamshwa. Alikula tonge la kwanza taratibu sana, akafumba macho. Akala la pili. Alikula matonge sita, kisha akasogeza bakuli. "Niongezee mchuzi kidogo," alisema. Mboje aligeukia ukutani, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Walipoondoka, Mama Generoza aliketi kwenye benchi na miguu yake ndani ya beseni la maji. Alimwita Kwandu akae karibu.

"Leo na mimi nimekosa," alisema. "Nilikuona umechoka, nikajifanya sioni kwa sababu nami nimechoka. Jumatatu nitamwomba mdogo wangu Lucy aje anisaidie. Lakini sikiliza, mwanangu. Anayekaa pale mezani haoni kinu chetu wala sufuria yetu. Anakula kwa kutuamini. Ukichoka, niambie umechoka. Tutapumzika, au siku hiyo hatutapika nsansa, na hakuna atakayedhurika. Usiseme kazi imekwisha wakati haijaisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Sitarudia."

"Na umefanya vizuri kusema kabla bibi hajala. Ilikuwa vigumu, nimeona."

Kwandu alitaka kujibu, lakini kichwa chake kilikuwa kimekwisha kuegemea bega la mama, na usingizi ukamchukua.