Nahodha wa Timu Iliyofungiwa

Jumamosi mchana, duka la Naheed pale Scarborough, Kanada, huwa halipitiki. Wakongo wanachambua samaki wakavu, Wakenya wanabeba unga wa ugali kwa mifuko, kina mama wa Kihindi wanaminya maembe na kuyarudisha, na kila mtu anaongea na simu kana kwamba yuko peke yake. Katikati ya vurugu hiyo, Iteka aliinama ndani ya friza na kushika pakiti ya mwisho ya majani ya muhogo. Mkono mwingine ukaishika upande wa pili.

"Samahani, dada. Kisamvu hiki nimekiona mimi kwanza."

Iteka akainua uso. Hakutegemea kusikia Kiswahili cha Tanga kikitoka kinywani mwa kijana wa Kihindi, mrefu, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na sweta la kijivu lililokunjwa mikono hadi kwenye viwiko.

"Kwanza hiki si kisamvu," alisema. "Ni sombe."

"Sombe ndiyo nini?"

"Ni hiki nilichoshika."

Kijana alicheka, lakini hakuachia. "Bibi yangu amenituma. Nikirudi mikono mitupu hanifungulii mlango."

"Na baba yangu ana wageni kutoka kanisani. Nikirudi mikono mitupu ataniombea mbele yao."

"Jamani, fungeni friza!" Naheed alipiga kelele kutoka kwenye kaunta. "Vitu vyangu vinayeyuka!"

Kijana akaachia pakiti, akainua mikono juu kama aliyekamatwa na polisi. "Chukua. Ila nipe namba yako, nimthibitishie bibi kwamba mwizi wa kisamvu chake yupo kweli."

Iteka alikuwa na koti la rangi ya haradali, rasta ndefu alizozifunga juu ya kichwa, na mguu wa kushoto aliokuwa akiuburuta kidogo. Kijana aliyaona yote hayo alipokuwa anamtazama akiondoka, na namba tayari imo kwenye simu yake. Alikuwa akiitwa Zameer. Jioni ile ile alipiga.

"Bibi hajaamini," alisema. "Anataka kusikia sauti ya mwizi."

"Mwambie mwizi anakula."

"Ananoga?"

"Nani, mwizi au sombe?"

Zameer akacheka mpaka bibi yake, Masoomah, akauliza kutoka jikoni kuna nini. Tangu hapo simu hazikukatika. Iteka alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee huko Etobicoke, na wakati wa mapumziko alikaa kwenye chumba cha kufulia, kati ya mashine zinazonguruma, akimsimulia Zameer vituko vya wazee wake. Zameer alimsimulia habari za Tanga alikokulia hadi alipohamia Kanada na bibi yake. Iteka alimsimulia habari za kambi ya wakimbizi ya Kigoma, ambako wazazi wake Warundi walimzaa, na ambako alijifunza kupiga voliboli kwa mpira uliotiwa viraka.

"Voliboli?" Zameer aliruka. "Mbona hukuniambia? Bado unacheza?"

"Goti liliharibika. Niliacha."

Akabadilisha mazungumzo, na Zameer hakumfuatilia.

Walipokutana mara ya kwanza kwa miadi, Iteka alichagua mkahawa wa Wasomali karibu na kwao, wenye wali wa harufu ya hiliki na ndizi mbivu pembeni ya sahani. Alivaa gauni la kijani na hereni za shaba. Zameer akaingia amechelewa, anahema, akivua kofia ya sufu. Kifuani mwa koti lake palikuwa na nembo: CHUO CHA BRAMHURST, VOLIBOLI.

Kijiko cha Iteka kikabaki hewani.

"Umevaa nini?"

"Koti la timu. Nilikuwa sitaki kujisifu, lakini mimi ni nahodha, mrembo. Msimu uliopita tulichukua kombe, wanaume na wanawake. Mwaka huu ndio wangu wa mwisho."

"Hongera," alisema Iteka, akakirudisha kijiko kwenye sahani.

Iteka alisoma Bramhurst mwaka mmoja tu, na timu ya wavulana aliisikia tu upande wa pili wa pazia la ukumbi, bila kuwajua wala wao kumjua. Aliijua harufu ya ukumbi ule. Alimjua kocha wa timu ya wanawake, aliyewapima uzito mbele ya watu na kutangaza kilo zao kwa sauti, aliyewapiga mipira usoni waliokosea, na aliyemlazimisha yeye kucheza fainali ya mkoa huku goti limevimba kama boga. Alipoanguka na kushindwa kuinuka, kocha alimruka kama kiti kilichoanguka njiani. Iteka na mwenzake Karima walikwenda kwa mkurugenzi wa michezo. Mkurugenzi aliwapa chai, akawasikiliza kwa upole, kisha akaandika kwamba Iteka aliumia nyumbani. Kombe lilikuwa njiani, hakutaka kelele. Baada ya hapo hakuna aliyewajibu tena. Ndipo wasichana wale wakapeleka malalamiko kwenye shirikisho la michezo ya vyuo, na shirikisho likawaomba wasizungumze habari hiyo na mtu yeyote wa Bramhurst mpaka uamuzi utoke.

Mtu wa Bramhurst sasa alikuwa mbele yake, akimmenyea ndizi.

Angesema nini? Aliipokea ndizi, akala. Kila wiki alijiambia ataachana naye, na kila wiki Zameer alifanya jambo lililomshinda. Alisafiri kwa treni na mabasi kutoka mwisho mmoja wa jiji hadi mwingine kumletea chapati za bibi zikiwa bado za moto. Aligundua kwamba ngazi zinamuumiza goti, na bila kusema lolote akawa anatafuta lifti kila kituo. Akamwita laazizi, neno la bibi yake, na Iteka akamcheka kwamba anatongoza kama mzee wa pwani.

"Basi nikuite nani?"

"Endelea na laazizi. Nimeshazoea."

Uamuzi ulitoka asubuhi yenye theluji. Kocha alifungiwa maisha. Mkurugenzi alifukuzwa. Na kwa sababu chuo kilijua na kikaficha, makombe yote ya voliboli ya msimu uliopita yalifutwa, na Bramhurst ikafungiwa kushindana, wanaume kwa wanawake, mpaka mwaka unaofuata.

Iteka alikuwa akimvalisha mzee mmoja soksi aliposoma habari hiyo. Alilia, mzee akamuuliza kama amefiwa, akasema hapana, babu, leo ni siku nzuri. Kisha simu ikaita.

"Wametuzika, Iteka!" Sauti ya Zameer ilikuwa imepasuka. "Msimu wangu wa mwisho! Mimi nimemkosea nani? Hao waliokwenda kulalamika, hawakufikiri kwamba kuna wengine?"

Iteka alitoka nje hadi penye ubaridi. "Zameer, nisikilize. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyelalamika. Mimi na mwenzangu. Goti langu liliharibiwa pale pale Bramhurst."

Theluji ikamjaa kwenye nywele.

"Kwa hiyo ulijua," Zameer alisema hatimaye. "Nakuletea chapati, nakueleza kila kitu cha timu, na wewe unajua. Ulikuwa na mimi kwa ajili gani, Iteka? Kunichunguza?"

"Unaniuliza hilo? Hujaniuliza hata goti langu lilivunjwaje!"

Iteka akakata simu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa wote wawili. Iteka alifanya kazi zamu za watu. Zameer hakula, na Masoomah alimtazama akizungusha chakula kwenye sahani mpaka akachoka.

"Yule mtoto wa Kirundi ameumia mguu," bibi alisema. "Amekwambia nani kamuumiza. Wewe unalilia kikombe cha bati. Mimi nimekulea hivyo?"

Kesho yake Zameer alimtafuta Karima, aliyekuwa bado anasoma Bramhurst. Walikaa maktaba. Karima alimsimulia yote, taratibu, bila kulia, akichezea kamba ya mkoba wake. Zameer alikumbuka wasichana waliokuwa wakikaa kwenye korido na barafu usoni, na jinsi yeye na wenzake walivyowapita wakitania kwamba wanapenda sana kudaka kwa pua.

Alimpigia Iteka. Iteka alikuwa ameizuia namba yake.

Wakati huo chuo kilikuwa kimekata rufaa. Rais wa chuo alimwita Zameer ofisini, akampa kiti kizuri, akamwambia kuna njia ya kuiokoa timu ya wanaume. Nahodha aseme mbele ya kikao kwamba timu hizo mbili hazikuhusiana, na kwamba wanaume hawakuona lolote. Msimu ungerudi. Zameer alisema sawa, ataongea.

Habari zilimfikia Karima, na Karima, kwa kumuonea Iteka huruma, akamwambia: Zameer ni shahidi wa chuo.

"Nilijua," alisema Iteka. Hakuwa anajua. Alijifungia bafuni akafungulia maji ili baba yake asimsikie.

Kikao cha rufaa kilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya juu, chumba chenye zulia jipya na madirisha makubwa. Iteka alikuja na baba yake, Télesphore, aliyevaa suti yake ya kanisani na tai nyekundu. Upande wa pili, katikati ya wanasheria wa chuo, alikaa Zameer. Alikuwa amenyoa ndevu. Iteka alitazama ukuta.

"Wewe ni nahodha," mwanasheria wa chuo alianza kwa sauti ya asali. "Tueleze adhabu hii imewaumiza vipi vijana wasio na hatia."

"Imetuumiza," alisema Zameer. "Huu ulikuwa msimu wangu wa mwisho. Sitaupata tena."

Télesphore akamshika binti yake mkono.

"Lakini ukumbi ulikuwa mmoja," Zameer aliendelea. "Mkurugenzi mmoja. Basi lililotusafirisha kwa zamu lilikuwa moja, na makombe yetu yalikaa kwenye kabati moja. Wasichana walikuwa wanaumia upande wa pili wa pazia, na sisi tulikuwa tunafanya mazoezi. Hatukuuliza, kwa sababu timu ilikuwa inashinda. Mkitufungulia sisi tu, mtakuwa mmekiambia chuo kwamba kinaweza kuwauza wasichana na kubaki na wavulana. Naomba adhabu ibaki kama ilivyo."

Mwanasheria alidondosha kalamu. "Nahodha, si hivyo tulivyo—"

"Niliwaambia nitaongea. Sikuwaambia nitasema nini."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Rufaa ikatupwa siku hiyo hiyo.

Chini barabarani, theluji ilikuwa inaanguka taratibu juu ya magari na vibanda vya soseji. Iteka alimkuta Zameer amesimama bila kofia, masikio mekundu.

"Umenyoa ndevu," alisema.

"Nilitaka nionekane mkweli."

"Unaonekana kama yai."

Zameer hakucheka. "Iteka, nilikuuliza swali la kijinga siku ile. Lile lililotakiwa sikuliuliza. Goti lako lilivunjwaje?"

Akamweleza, pale pale, na Zameer akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha Iteka akatoa skafu yake, akamzungushia masikioni, akaifunga chini ya kidevu kama kilemba cha mgonjwa wa meno.

"Na mimi nilikuogopa," alisema. "Nilidhani ukijua utanitazama vingine."

"Nakutazama vingine sasa hivi."

"Vipi?"

"Kama mtu aliyemshinda mkurugenzi, kocha na rais wa chuo kwa goti moja. Laazizi, nifungulie namba yangu. Tafadhali."

"Nitafikiria," alisema Iteka, lakini simu ilikuwa tayari mkononi. Télesphore aligeuka kutazama magari kwa heshima, na hakugeuka mpaka alipohakikisha kumbatio lao limekwisha.

Msimu mpya ulipofika, Bramhurst ilirudi uwanjani ikiwa na kocha mwanamke. Goti la Iteka lilikuwa limefanyiwa upasuaji, na chuo ndicho kilichougharamia. Kocha mpya alimwomba awe msaidizi wake, na baada ya kukataa mara kadhaa akakubali. Siku ya mechi ya kwanza alisimama kando ya uwanja kwa suruali nyeusi na fulana ya bluu, vidole vimefungwa plasta kama mchezaji, akipiga makofi mpaka mikono ikamuwaka. Zameer, aliyekwisha kuhitimu, alikaa jukwaani kati ya Masoomah na Télesphore. Wazee wale hawakutazama mechi hata kidogo. Walikuwa wanabishana ni wapi dagaa ni watamu zaidi, Kigoma au Tanga.

Wasichana wa Bramhurst walichapwa seti tatu bila majibu. Zameer alimkuta Iteka kwenye korido, anacheka peke yake.

"Mmefungwa vibaya na wewe unacheka?"

"Umemwona yule wa mwaka wa kwanza, namba kumi na moja? Alisema bega linamuuma. Kocha akamwambia akae. Akakaa, Zameer. Akala chungwa lake. Basi, hakuna lililotokea!" Macho yalikuwa yamemlowa. "Nimeona jambo zuri sana leo."

Zameer alisubiri apumue. "Mimi nimeongea na baba yako."

"Kuhusu dagaa?"

"Kabla ya dagaa. Ameniuliza maswali kuliko kile kikao cha rufaa. Ameuliza ndoa itafungwa kwa padri au jamatini, nyumba yetu ya ibada. Nikamwambia tutaanzia ofisi ya jiji, kisha baraka tutaomba kote kuwili. Bibi akasema yeye anachotaka ni chakula kiwe kingi. Swali moja tu mzee amekataa kunijibu. Kasema nikamuulize mwenyewe."

"Swali gani?"

Zameer akatoa pete, nyembamba, yenye jiwe dogo la kijani. Magoti yake yakagonga sakafu ya korido. "Kama utakubali nikuoe."

Iteka akamnyooshea mkono. Pete ikafika kwenye plasta ya kidole na kukwama. Zameer akaisukuma, ikagoma.

"Taratibu, utanivunja na kidole!"

"Jibu kwanza, halafu nitaibandua plasta."

"Bandua kwanza."

"Iteka!"

"Ndiyo, Zameer. Ndiyo, laazizi wangu. Haya, bandua!"

Akaanza kuibandua pole pole, akipuliza kila inaponata. Mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ukafunguka kwa kishindo, na timu nzima iliyotoka kuchapwa, huku nywele bado zinachuruzika maji, ikamiminika koridoni ikipiga vigelegele.