Rangi Laini ya Tumbo-chuma

Tumbo-chuma lilimgeuza mtoto ubavu wa pili, taratibu, kama anavyogeuzwa na mama aliye usingizini. Ndani ya mfuko wa maji ya vuguvugu, binti wa Sikitu alikunja ngumi, akalala tena. Siku hizo, katika Mtwara mpya, mama akishindwa kubeba mimba mtoto alihamishiwa humo, na mashine-akili iitwayo Mlezi ilimlisha, ikampasha joto, hata ikamwimbia.

Lakini rangi ilikuwa ikibambuka. Mbavu za tumbo zilikuwa za chuma kilichotiwa zinki kisishike kutu, kisha kikapakwa rangi. Sasa rangi ilitoka magamba magamba, yakielea hadi kwenye pampu iliyopasha maji joto. Pampu ilishaanza kukwama.

"Dada Mwajabu, niambie tu ni uchafu," Sikitu alisema. "Uchafu unasafishika."

Mwajabu, fundi wa metali wa hospitali, naye alitamani iwe hivyo. Alichukua ubavu wa akiba ambao haujapakwa rangi, akaumwagia maji. Yakatanda sawasawa; kama kungekuwa na grisi, yangejikusanya matone. Akauoka, akitafuta malengelenge ya gesi iliyonaswa wakati wa kutiwa zinki. Hakuna. Mwishowe akaokota gamba, akatia tone la maji upande wake wa ndani, akasugua kwa kidole. Likateleza. Akasugua tena. Likatoa povu.

Akakaa sakafuni, mtu mzima na koti lake jeupe.

"Nini? Sema, usinifiche."

"Ni sabuni, mdogo wangu. Rangi hii ni ya mafuta. Mafuta yakikaa juu ya zinki penye unyevu, yanageuka sabuni polepole. Siku ya kupakwa inang'aa, inashika, kila kipimo inapita. Baadaye inaachia yenyewe."

"Mafuta! Nani mwenye akili zake alichagua mafuta?"

"Mimi," Mlezi alijibu kwa sauti yake ya upole. "Kina mama walilalamika kwamba rangi ya zamani inanuka kama gereji. Walitaka kitu laini kwa watoto. Nikachagua mafuta ya mbarika. Walifurahi sana."

Sikitu alicheka, kicheko kikavu kisicho na raha. "Tulipiga vigelegele, dada. Tukaleta na keki." Akafuta macho. "Basi mhamishie tumbo lingine."

"Yote yana rangi hiyohiyo. Na huwezi kupaka upya mpaka tumbo liwe tupu."

"Akibaki humu?"

"Pampu ikizima, maji yatapoa naye ndani."

"Akitoka?"

Mwajabu aliangalia kile kifua kidogo nyuma ya kioo. "Mapafu yake hayajaijua kazi."

"Ningependa kuwa na jibu zuri zaidi," Mlezi alisema.

"We nyamaza," Sikitu alimwambia.

Pampu ilikoroma, ikatulia, ikakoroma tena. Halafu ikanyamaza kabisa. Sikitu akaanza kufungua vifungo vya blauzi.

"Mtoe. Kama ni kupoa, asipolee humo peke yake."

Mwajabu alimtoa mtoto, mwepesi mno, mwekundu, bila kilio. Sikitu alimlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, akamfunika khanga, akaegemea ukuta na kufumba macho. Mwajabu alipiga magoti kando yao, asijue ashike nini.

"Anapumua?"

"Napumua mimi," Sikitu alinong'ona. "Ngoja anifuatishe."